Kwa Mujibu na kwa Kujitolea

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku hapa Kansas, wakati Tanga watu wanakunywa chai ya asubuhi, mpwa wangu alinitumia picha tatu kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa tangazo: kazi ya ulinzi Urusi, dola 2,000 kwa mwezi, tiketi na viza juu ya mwajiri. Ya pili ilikuwa karatasi iliyochapwa kwa Kirusi, chini ina mistari miwili mitupu ya kutia sahihi. Ya tatu ilikuwa pasipoti yake mpya, haijagongwa hata muhuri mmoja. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Wewe ulijitolea jeshi la watu ukatoka salama. Naomba ushauri."

Nilijaribu kumjibu kwa sauti, nikafuta. Nikajaribu tena, nikafuta. Kila nilipofika kwenye neno lile, "ulijitolea", ulimi ulikwama. Nimeamua kuandika hapa, maana najua hayuko peke yake mwenye picha za namna hii kwenye simu, na nina deni la kusema ninachokijua.

Kwetu kila aliyepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, anajua kuna aina mbili za kuruta. Kuna wa mujibu na kuna wa kujitolea. Wa mujibu wa sheria amemaliza kidato cha sita, ameona jina lake kwenye orodha, amefunga begi. Wa kujitolea ameomba mwenyewe, amepita usaili, na kila siku anaombea apate ajira mwisho wa mkataba. Mama yangu alikuwa wa mujibu. Mwaka 1983 alipelekwa Ruvu, akalima, akakimbia mchakamchaka, akajifunza kufungua bunduki na kuifunga. Hajawahi kulalamika juu ya mwaka ule, wala hajawahi kujisifu nao. Ulikuwa wa taifa, taifa likauchukua, basi.

Babu mzaa mama alikuwa Keya, kama wazee wetu walivyowaita askari wa King's African Rifles. Alikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka 1944, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Mapigano hakuyasimulia. Alisimulia matope, homa, na nyumbu waliozama mpaka yakabaki masikio. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilimuuliza kama alikwenda kwa hiari yake. Alinitazama kitambo, akasema, "Jumbe alileta majina." Hakuongeza neno.

Kwa hiyo katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuvaa kombati bila jumbe wala sheria kuniita. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kwenye jeshi la nchi ambayo haikuwa yangu.

Nilifika Minnesota Agosti 2010 kwa viza ya mwanafunzi. Ada alilipa baba mdogo, aliyekuwa na malori mawili ya kubeba mizigo kati ya Tanga na Dar. Mwaka 2013 lori moja lilipinduka karibu na daraja la Wami, la pili likauzwa kulipa madeni ya la kwanza. Mwanafunzi wa viza haruhusiwi kutafuta kazi mjini; nilikuwa na saa zangu 20 kwa wiki za kuosha masufuria kwenye jiko la chuo, na fedha ile ilitosha kodi na chakula tu. Ada ikalimbikizwa. Chuo kikanifungia usajili wa muhula uliofuata. Na mwanafunzi asiyesajiliwa viza yake inakufa. Nilikuwa na wiki chache za kuchagua: kurudi Tanga mikono mitupu, au kubaki na kuwa mtu wa kujificha.

Habari za MAVNI nilizipata hapohapo jikoni, kwa dada mmoja Mkenya. Ulikuwa mpango wa jeshi la Marekani ulioidhinishwa mwishoni mwa 2008 na kuanza mwaka 2009. Kwa kawaida mgeni haingii jeshi lile bila kuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ya kijani. Mpango huu uliwafungulia mlango watu wenye viza za muda, ilimradi wawe wamekaa nchini kihalali miaka miwili, na wawe ama wataalamu wa tiba ama wasemaji wa lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Malipo yake makubwa yalikuwa uraia, haraka, bila kusubiri miaka. Na kwenye orodha ya lugha hizo kilikuwamo Kiswahili.

Sijui niseme vipi nilivyojisikia niliposoma neno lile kwenye orodha. Miaka minne nilikuwa nimeishi Marekani kama mtu anayeomba radhi kwa lafudhi yake. Kumbe kulikuwa na ofisi mahali fulani iliyoandika kwamba lugha ya bibi yangu ni mali ya vita.

Wakenya walituzidi kwa mbali. Wengi walikuwa wanariadha wa vyuo waliokuja kwa ufadhili wa mbio, na ufadhili ulipoisha wakaingia jeshini kwa mlango huo. Paul Chelimo ndiye anayejulikana zaidi: alijiunga mwaka 2014, kazi yake rasmi ikiwa kusafisha maji, na mwaka 2016 kule Rio akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 akiwa na jina la Marekani kifuani. Usiku ule nilikuwa kwenye bweni la askari, na kulikuwa na Wakalenjini watatu waliolia wazi mbele ya watu. Nilielewa kilichowaliza. Walikuwa wanamshangilia mtu wao, na hawakujua wamshangilie kwa bendera ipi.

Mtihani wa lugha ulikuwa wa simu. Nilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mwandikishaji, kati ya duka la simu na duka la piza, theluji ikianguka nje, mezani pana simu tu. Upande wa pili zilikuwa sauti mbili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke alikuwa na Kiswahili cha Mvita kisichofichika. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga. Akaniuliza watu wa kwetu wanaishi vipi na bahari. Nikaanza kueleza: ngalawa zinavyotoka Deep Sea, diko letu la wavuvi, kabla ya alfajiri, wavuvi wanavyosoma kusi na kaskazi, baruti inavyovunja matumbawe na samaki wakahama, mnada unavyopigwa samaki wakiwa bado wanapapatika. Nilikuwa sijasema Kiswahili kirefu namna ile kwa miezi. Maneno yalinijia yenyewe: tezi, omo, demani, bamvua. Mwisho wake yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, nje ya utaratibu nafikiri, "Mungu akulinde, mwanangu."

Nilifaulu. Naamini yule mama alijua ananifaulisha kwenda wapi.

Kiapo cha kuingia nilikila Fort Snelling, Oktoba 2014, kwenye chumba chenye zulia na bendera, mimi na vijana wengine kumi na tisa. Unanyanyua mkono wa kulia, unaapa kuitetea Katiba ya Marekani dhidi ya maadui wote, wa nje na wa ndani. Vijana wengi pale walikuwa na miaka kumi na minane, wazazi wao wamesimama ukutani wakipiga picha. Wangu hawakuwapo. Mama nilikuwa bado sijamwambia.

Kabla ya kuondoka kuna karatasi nyingi za kujaza, na moja ni ya bima ya maisha. Wakati ule ilikuwa dola 400,000 ukifa. Unaandika jina la mrithi na anwani yake kamili. Nikaandika jina la mama. Kwenye anwani nikakwama, kwa sababu nyumba yetu haina namba. Karani, dada mpole, akasema niandike tu jinsi mtu angefika. Nikaandika: Ngamiani, barabara ya 12, mkabala na msikiti. Nikaitazama karatasi ile. Nilikuwa nimewaeleza askari wawili waliovaa sare za heshima, wale wanaotumwa kupeleka habari ya kifo, jinsi ya kuufikia mlango wa mama yangu.

Usiku ule ndio nilimpigia. Hakupiga kelele. Aliuliza maswali ya mtu aliyepita Ruvu: mkataba miaka mingapi, mshahara nani anashika, ukiugua nani anatibu, ukifa nani anakurudisha. Nilikuwa na jibu la kila swali. Miaka minne kazini, mingine minne kwenye akiba, jumla minane. Mshahara kwenye akaunti yangu, tarehe 1 na 15. Hospitali yao. Mwili watausafirisha wao. Akasema, "Sawa. Na ukiona hutaki tena?" Nikamwambia hakuna hiyo mpaka mkataba uishe. Kimya. Kisha akasema, "Basi hapo mwanangu unaingia kwa kujitolea, lakini utakaa kwa mujibu."

Sentensi ile nimeiona ikitimia siku baada ya siku.

Fort Jackson, South Carolina, Februari 2015. Kuhusu mafunzo yenyewe sina mengi. Kila jeshi duniani linaamsha watu gizani, linawapigia kelele na kuwakimbiza. Mama alinisimulia ya Ruvu na mimi nikamsimulia ya kwangu, tukaona tofauti ni chakula. Kilichokuwa tofauti ni wageni. Kikosi chetu kilikuwa na Wakorea wenye shahada za uzamili, Wanepali, Mnijeria aliyekuwa mfamasia, Mkameruni, Mkenya wa Eldoret. Wengi tulikuwa wakubwa kwa umri na kwa elimu kuliko sajini wetu. Tulikuwa na nidhamu iliyowashangaza wakufunzi, na wakaisifu. Ilikuwa nidhamu ya watu ambao kushindwa kwao kusingewarudisha nyumbani kwa wazazi. Kungewafukuza nchini.

Siku moja kabla ya kuhitimu tulipanda basi ndani ya kambi mpaka ukumbi mmoja, tukajibu maswali ya historia na serikali ya Marekani, kumi, sita yakitosha. Kisha tukaapishwa tena. Kiapo hiki cha uraia ni kizito kuliko kile cha kwanza. Kinakutaka ukane kabisa utii wote kwa mfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni ambayo hapo nyuma ulikuwa raia wake. Kigeni! Neno lile ndilo lililonichoma. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja Tanzania ikawa nchi ya kigeni, nami ndiye niliyetamka.

Wakenya waliosimama karibu nami hawakupoteza kitu, maana Katiba yao ya 2010 inawaruhusu uraia pacha. Sheria yetu hairuhusu. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa kwetu unakoma. Nililijua hilo kabla, nilikuwa nimelisoma mara nyingi, na bado nilipopewa bendera ndogo ya karatasi niliipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa unatetemeka. Na kuna kifungu ambacho wengi hawakisomi: uraia ule unaweza kunyang'anywa ukitoka jeshini kwa aibu kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Kwa maneno mengine, nchi ya kwanza nimeiacha, ya pili nimekopeshwa.

Kazi niliyopangiwa ilikuwa ya ghala, huko Fort Riley, Kansas. Buti, mahema, vipuri, karatasi za kusainisha. Kwa miaka sita na nusu hakuna afisa aliyewahi kuniita atumie Kiswahili changu. Ninalisema hili kwa huzuni ya kweli, maana lilikuwa ndilo jambo pekee nililoingia nalo lililokuwa langu.

Nilikitumia Kuwait. Mwaka 2018 tulipelekwa huko miezi tisa, kambi ya Arifjan, jangwa na vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Kwenye bwalo la chakula aliyenipakulia wali alikuwa kijana wa Kakamega. Alisoma jina langu kifuani, akauliza bila kunyanyua macho, "Wa Pwani?" Nikamwambia Tanga. Kuanzia siku ile nilikuwa nakula mwisho, wakati watu wamepungua, ili tuzungumze. Alikuwa amemlipa ajenti Nairobi kupata kazi ile, mkopo wa shangazi yake. Pasipoti yake ilikuwa imeshikwa na mwajiri. Alilala upande wa pili wa uzio uleule, akahudumia vita vilevile, joto lilelile likimpiga. Hakuwa amekula kiapo chochote, na hakuna karatasi iliyokuwa na jina la mama yake. Wakati wa kuondoka nilimpa redio yangu ndogo na viatu. Alinishika mkono mrefu, akaniambia, "Wewe angalau ukifa watajua."

Mwaka 2017, kabla ya Kuwait, bibi yangu alifariki, mke wa yule babu Keya. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu mpaka kumi na moja. Askari wa Marekani akifiwa, habari inapita Msalaba Mwekundu wao, wanathibitisha, kisha kamanda anatoa ruhusa. Dada yangu alihangaika siku nzima kupiga namba ile kutoka Tanga. Walipothibitisha, tukaambiwa bibi hayumo kwenye orodha ya ndugu wa karibu. Wazazi, mke, watoto, ndugu wa kuzaliwa. Bibi hapana, isipokuwa uonyeshe karatasi kwamba alikaa nafasi ya mzazi. Karatasi ya wapi? Nani kwetu anaandikishiana mkataba wa kulea mjukuu? Sajini wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma kanuni iliyoandikwa na watu wanaohesabu familia kwa namna nyingine. Bibi alizikwa alasiri ileile baada ya swala, na mimi nilikuwa ghalani nahesabu mifuko ya kulalia. Hitima ya arobaini niliisikiliza kwa simu.

Nilipopata likizo 2019 nikaenda. Uwanja wa Julius Nyerere, Dar. Nilisimama kwenye foleni niliyoizoea. Afisa akatazama pasipoti ya buluu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa, "Kaka, mstari wa wageni ni ule." Nikalipa dola 100 za viza, kiwango cha Wamarekani, ili nikalale nyumbani kwa mama yangu. Kesho yake, nikisubiri basi, nilizunguka mjini mpaka kwenye Sanamu ya Askari pale Samora. Iko pale tangu 1927, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika vita ya kwanza ya dunia, singe imeelekezwa bandarini. Nilipokuwa mtoto ilikuwa alama ya kuelekezana njia tu. Safari hii nilisimama mbele yake mpaka mlinzi wa benki akaja kuniuliza kama nimepotea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisite kumjibu mpwa wangu.

Tarehe 5 Januari 2020, kabla ya mapambazuko, al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, kaunti ya Lamu, mahali ambapo Wamarekani hukaa pamoja na wanamaji wa Kenya. Waliuawa Wamarekani watatu, askari mmoja na makandarasi wawili, na ndege zikachomwa moto. Sehemu ya Wamarekani pale inaitwa Camp Simba. Kwenye kambi yetu Kansas watu walikuwa wanauliza Lamu ni wapi, nami nilikuwa najua harufu yake. Shangazi yake baba ameolewa Lamu. Ni pwani yetu ileile, mikoko ileile, salamu zilezile.

Mama alipiga jioni. Akauliza, "Wangekwambia uende Lamu, ungekwenda?"

Nikasema ndiyo. Ni kazi.

"Na wakikwambia Tanga?"

Sikujibu. Nilisikia upepo wa feni upande wake, na mtoto akilia kwa jirani. Mama hakurudia swali, na hakulitaja tena mpaka leo. Najua mtu atasema Marekani na Tanzania hazina ugomvi, swali hilo ni la kufikirika tu. Lakini kiapo hakina kifungu kinachoiacha Tanga nje. Niliponyanyua mkono sikuulizwa ni vita gani ninavikubali na vipi sivikubali. Nilitoa ndiyo moja kwa vyote. Nilitoka jeshini Agosti 2021, kwa heshima, na bado jibu la swali lile sijalipata. Naliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote Kuwait.

Mpwa wangu, usinielewe vibaya. Mlango ule ulinisaidia. Nilimaliza shule kwa fedha za jeshi, nimejenga choo na vyumba viwili kwa mama, watoto wangu hawatajificha. Nilikuwa na bahati nyingine, ya tarehe. Mwezi Septemba 2016 wizara ya ulinzi ya Marekani ilibadilisha masharti ya usalama, na MAVNI ikasimama. Watu wapatao 10,400 walikuwa wameshapita. Waliokuwa wameapa lakini hawajaanza mafunzo wakaachwa wananing'inia, mwaka wa kwanza, wa pili, viza zao zikiisha mikononi. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa mmoja wao: ameshaapa kuifia nchi ile, na nchi ile haijaamua kama aruhusiwe kuishi ndani yake. Mwaka 2017 kesi zilifunguliwa Washington, na jaji Ellen Segal Huvelle akaamuru wizara isizuie karatasi za uraia za walioanza utumishi. Rafiki yangu alipata zake baadaye sana. Ninachotaka ukione ni kwamba palikuwa na mahakama, na mtu wa chini asiye na cheo aliweza kuishtaki wizara ya ulinzi akasikilizwa.

Sasa tazama karatasi uliyonitumia. Nimemwomba jirani yangu anayesoma Kirusi aipitie. Haisemi ulinzi. Inasema utumishi wa kijeshi. Inasema mwaka mmoja, lakini tangu amri ya uhamasishaji ya 21 Septemba 2022 mikataba ya askari wa Urusi haiishi kwa tarehe iliyoandikwa. Inaendelea mpaka uhamasishaji wenyewe ufutwe. Mwaka mmoja ule ni wa kwenye karatasi tu. Lile swali la bibi yako, "ukiona hutaki tena?", halina jibu humo hata kwa tarehe.

Unamkumbuka yule Mtanzania aliyekwenda kusoma Moscow, akafungwa, akatolewa gerezani ili akapigane Ukraine chini ya Wagner, kundi la mamluki la Urusi? Aliuawa Oktoba 2022. Mwili wake ulifika Dar Januari 2023, na serikali ikaeleza kuwa sheria zetu hazimruhusu Mtanzania kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Niliposoma hilo nilikaa chini. Kati ya Oktoba 2014 na siku ya kuapishwa uraia nilikuwa Mtanzania kwenye jeshi la wengine, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja nchi yangu inasemaje. Siwezi kukusimamia juu ya kichwa kama mtu aliyefuata sheria zote. Majirani zetu Kenya, Septemba 2025 polisi waliwakuta vijana zaidi ya 20 kwenye nyumba Athi River wakisubiri kusafirishwa, na Novemba serikali yao ikasema Wakenya zaidi ya 200 wanaaminika kuwa wamejiunga na majeshi ya Urusi. Wengi waliahidiwa kazi kama yako: ulinzi, udereva, ghala.

Hayo yote nilimwandikia Jumapili, kwa kifupi. Kisha nikampigia, akapokea. Nikamwomba afungue ile picha ya pili anisomee mstari wa tatu kwa sauti. Akacheka kidogo. Nikamwambia sina haraka. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mjomba, sijui kusoma hii." Nikamuuliza aliyempa karatasi alimwambia imeandikwa nini. Akasema yule kaka ni mtu mzuri, ndiye anayewalipia watu nauli mpaka Dar, na Jumatano kuna basi. Nikamuuliza, ukiacha hii una mlango gani mwingine? Akasema, "Hakuna, mjomba. Ndiyo maana nakuuliza." Sikuwa na la kumjibu upesi, kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa mwaka 2014, na mimi sikumuuliza mtu.

Nimemwahidi nauli ya kwenda kuanza VETA, umeme wa majumbani, na fedha ya chakula miezi sita. Najua ni ndogo mbele ya dola 2,000. Tangu Jumatatu mchana ujumbe wangu unaonyesha umesomwa, haujajibiwa.

Leo Jumanne mama amenipigia kabla hajanywa chai. Amesema hapigi tena simu, anakwenda Makorora kwa mpwa wangu mwenyewe, kwa miguu, magoti yanauma lakini atafika. Amevaa kanga mbili na amechukua cheti chake cha JKT, sijui cha nini. Nilimsikia akifunga mlango wa mbele, ule wa mkabala na msikiti.